Sanduku la huduma ya kwanza la shilingi 1,850: msimu mzima jikoni na uwanjani

Kwa wenye haraka nianze na hukumu: sanduku lanunulika, lakini usilichukue lilivyo ukaridhika. Baadhi ya vilivyomo nimevitoa kabisa, na nilivyoongeza mwenyewe, vingi kutoka duka la mtaani na kabati langu la nguo, ndivyo vilivyonifaa zaidi.

Nimelinunua duka la dawa upande wa Barabara ya Digo, Mombasa. Duka silitaji, kwa sababu masanduku ya aina hii yauzwa sehemu nyingi mjini, na ukiyafungua utakuta karibu vitu vile vile. Ni la plastiki jeupe, lina msalaba wa kijani juu, na ubavuni limeandikwa kuwa ni la nyumbani na michezoni. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nitoe pesa, na ndiyo nitakayolipimia.

Mimi nauza mahamri na viazi karai asubuhi, Majengo. Karai ya mafuta ya moto iko nyumbani kwangu kila siku kabla ya jua kuchomoza, na watoto wako hapo hapo wakitafuta sare na viatu. Baada ya Alasiri niko uwanja wa Tononoka, ambapo mwanangu ni golikipa wa timu ya watoto wa chini ya miaka 12. Kwa kuwa sikosi uwanjani, kocha amenikabidhi maji, orodha ya simu za wazazi, na sanduku. Kwa hivyo limefanya kazi pande zote mbili, na naweza kulieleza kitu kwa kitu.

Sanduku lenyewe kama chombo halina lawama. Vifungo vyake vya pembeni vyabana vizuri. Limekaa nje wakati wa manyunyu ya mwezi wa tano na ndani hamkuingia tone. Mchanga pia haupiti. Mpini ndio wataka uangalifu, ni plastiki nyembamba na unapinda ukizidisha uzito.

Plasta zimenivunja moyo. Ziko hamsini, na idadi hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kushinda maandishi yote. Kwa joto la Mombasa na mtoto anayetoka jasho, hazimalizi hata kipindi cha kwanza. Gundi yateleza, plasta yabaki ndani ya soksi. Uwanjani nimeacha kuzitumia. Goti lililochubuka nalisafisha kwa maji safi mengi mpaka changarawe yote itoke, sabuni napitisha pembezoni mwa jeraha, nakausha, naweka gozi, kile kitambaa laini cha kufunikia kidonda, na kuzungusha bandeji. Hiyo haianguki. Gozi za sanduku ni nzuri, kila moja imefungwa peke yake, lakini ni nne tu, na kwa timu nzima ya watoto hazifiki mbali. Nunua pakiti ya ziada hapo hapo dukani.

Pamba nimeitoa, kwa sababu nyuzi zake hunata kwenye kidonda na kuzibandua ni kumuumiza mtoto upya. Chupa ya spiriti nayo nimeitoa. Spiriti huunguza nyama mbichi ya jeraha, na mtoto akishaonja ule mwasho, siku nyingine atakificha kidonda asikuonyeshe. Kidonda kilichofichwa, kwenye uwanja wenye vigae vya chupa na misumari iliyoshika kutu, ndicho ninachokiogopa kwa pepopunda. Watoto wetu huchanjwa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kidonda kirefu chenye uchafu bado ni cha kupelekwa kwa daktari, na kile kijitabu cha kliniki uende nacho.

Halafu kulikuwa na vidonge. Vilikuwa vimekatwa kutoka karatasi kubwa, na tarehe ya mwisho ikabaki kwenye kipande kingine. Viwili kati yake vilikuwa aspirini. Aspirini haipewi mtoto wa chini ya miaka 16 isipokuwa daktari ameamua, kwa sababu yaweza kuleta ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ubongo na ini. Nilivirudisha.

"Mama, hizo ni za wakubwa," akaniambia kijana wa kaunta.

"Mwanangu, kwenye sanduku mmeandika ni la michezoni. Nikiwa sipo, likafunguliwa na mzazi mwingine, atajuaje?"

Alinisikiliza, akanibadilishia na dawa ya maji ya parasetamoli ya watoto, yenye tarehe na kijiko cha kupimia. Hiyo naiweka nyumbani, juu, na kipimo nakifuata kwa uzito wa mtoto. Uwanjani sibebi dawa ya kumeza hata moja, maana mtoto wa mwenzangu simjui ana nini mwilini.

Sasa moto. Hapa ndipo sanduku liliponisikitisha khasa, maana katika nyumba zetu hatari kubwa ni mafuta, chai na uji wa moto kuliko wembe. Mna tyubu moja ya malhamu ya kuungua, ndogo kama kidole cha mwisho, na kwenye karatasi ya maelezo kuna picha ya mtu akiipaka mkononi. Basi. Mzazi akiiona picha ile ataanza na kupaka, na dakika zenye thamani zitampita.

Ngozi iliyoungua yataka maji kwanza. Maji baridi ya kawaida, si ya barafu, yapite juu ya pale palipoungua kwa dakika 20 kamili. Joto huendelea kuingia ndani ya nyama hata baada ya mafuta kufutika, na maji ndiyo yanayolitoa. Hata ukichelewa usikate tamaa, mpaka muda wa saa tatu upite tangu kuungua bado yana faida. Dawa ya meno, ute wa yai, unga na siagi, vitu ambavyo tumevirithi na twavikimbilia kwa nia njema, havipozi ndani, vyaweza kuleta vijidudu, na hospitalini lazima viondolewe juu ya ngozi ile ile inayouma. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na mtoto anayefanyiwa hivyo hatapaka tena dawa ya meno.

Lakini maji yanayotiririka kwa dakika 20 yatatoka wapi, katika mji ambao bomba hukauka tukanunua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi? Karatasi ya sanduku yaonyesha mkono chini ya bomba, na bomba la kwangu mara nyingi halina kitu. Nimejipangia hivi, na namwomba kila anayekaanga nyumbani afanye vivyo hivyo. Mtungi mmoja wa lita 20 unakaa umejaa, umefungwa, karibu na mlango wa jikoni, pamoja na beseni na kopo safi la nusu lita. Hauguswi kwa kufua wala kupika. Lita 20 kwa dakika 20 ni lita moja kwa dakika: unachota kopo, unalimimina taratibu kwa nusu dakika, unachota jingine. Kwa mkono au mguu wa mtoto yatosha. Wakati huo mtu mwingine anavua pete, bangili na nguo isiyoganda; iliyoganda iachwe. Mwili uliobaki ufunikwe leso kavu, mtoto asije akapatwa na baridi. Mwisho palipoungua pafunikwe kwa ile plastiki laini ya kufungia chakula, ilazwe tu bila kuzungushwa ikakaza. Malengelenge hayapasuliwi. Kuungua kuliko zaidi ya kiganja cha mtoto mwenyewe, au kwa usoni, mikononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, si kwa nyumbani tena, ni hospitali.

Ile plastiki laini haimo sandukuni. Nimeikata vipande vipana nikavikunja chini ya gozi. Malhamu nimeiacha, kwa vijimoto vidogo, na juu yake nimebandika karatasi yenye maneno mawili: MAJI KWANZA.

Na kwa kuwa nazungumza na wanaokaanga: karai ikishika moto usiimwagie maji hata kidogo, moto utaruka. Zima gesi kama waweza kuifikia, ifunike kwa mfuniko wa chuma au sinia, usiibebe kwenda nje. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha na mlango, usiguse swichi ya taa, uwatoe watoto. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na watoto wetu wamelala sakafuni kwenye mkeka.

Twende uwanjani. Kitu kilichonifurahisha ni ule mfuko wa barafu ya kemikali. Unaukamua mpaka kijifuko cha maji kilicho ndani kipasuke, chembechembe zayeyuka, na mfuko wapoa papo hapo mkononi mwako. Mtoto anayelia hunyamaza kwa mshangao. Lakini ni wa kutumia mara moja, upo mmoja tu, na ukitaka mwingine ni kununua. Badala yake nagandisha chupa za nusu lita za maji usiku na kuziviringisha kwenye leso kuukuu. Mguu ukiteguka, chupa inalazwa juu yake kama dakika 15, leso ikiwa katikati ili baridi isiunguze ngozi, kisha bandeji ya kuvutika, mguu ukae juu. Barafu ikiyeyuka ni maji ya kunywa. Bandeji za kuvutika za sanduku, ziko mbili, ni bora kuliko nilivyotarajia. Nimezifua na bado zavutika.

Mvutano wangu na wazee wa pembeni ya uwanja ni juu ya kukanda. Mtoto akianguka tu, kuna babu mwenye huruma atakayemshika mguu auchue, na nyumbani maji ya moto yatakuwa yashatengwa. Siku mbili za mwanzo damu bado inavuja ndani ya kiungo, na joto na kuchua huizidisha. Nawaambia kwa adabu, "Shikamoo babu, tumpe siku mbili kwanza." Jambo jingine ambalo wengi hatukufunzwa: mfupa wa mtoto una sehemu laini inayokua karibu na ncha, na sehemu hiyo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoushika mguu. Kinachoonekana kuwa ni kuteguka chaweza kuwa kuvunjika pale pale anapokulia. Asipoweza kukanyaga hatua nne, nampigia mzazi wake na tunakwenda kupiga eksirei. Tononoka tuna bahati, Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi twaiita Makadara, iko karibu.

Kwa kichwa, sanduku halina kitu na wala haliwezi kuwa nacho. Mzazi alijue hilo kabla ya kulinunua. Watoto wawili wanaruka mpira mmoja, vichwa vyagongana, mmoja ainuka akiwa na macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Hana damu wala uvimbe. Anasema yuko sawa, maana anataka kucheza. Kocha anamtazama, timu imefungwa bao moja, na wote wanasubiri. Hapo ndipo maamuzi mabaya hufanyika, na bandeji haina msaada wowote.

Nimekubaliana na kocha, na Mungu ambariki kwa kulikubali hili bila ubishi: akigongwa kichwa kisha akalalamika kuumwa, kizunguzungu, kichefuchefu, akasahau matokeo au akajibu polepole kuliko kawaida yake, siku hiyo hachezi tena. Si kupumzika dakika tano arudi. Ubongo uliotikisika ukitikisika tena kabla haujapona, madhara yake ni makubwa zaidi, na kwa watoto kupona kwaweza kuchukua hata wiki nne. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akapata degedege, akawa mzito kuamka, mboni za macho zikatofautiana ukubwa, au mkono na mguu ukalegea, hospitali bila kusubiri mzazi afike. Nimeyaandika hayo kwa Kiswahili kwenye kadi ngumu, nikaifunika kwa nailoni na kuitia kwenye kifuniko cha sanduku. Kwangu kadi hiyo ndiyo kifaa cha thamani kuliko vyote vilivyomo sasa, na imenigharimu pesa ya nailoni tu.

Kwenye mazoezi tumeacha pia kuwapigisha watoto mipira ya kichwa mfululizo. Wazazi wengine waliona ni kuwadekeza. Nikawaonyesha kuwa shirikisho la soka la Marekani liliwakataza watoto wa miaka 10 na chini kupiga kichwa tangu mwaka 2015, na mwaka 2020 vyama vya Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliondoa mazoezi ya kichwa kwa watoto wa shule za msingi. Wenye viwanja vya nyasi na madaktari pembeni wameona haja ya kujihadhari, sisi tunaochezea ardhi ngumu tuna haja zaidi.

Kwa mama wa golikipa haiwezekani niandike haya nisitaje magoli. Yale ya chuma yanayobebeka, yaliyochomelewa kwa welding na kusimamishwa tu juu ya mchanga, ni hatari kuliko mchezaji yeyote wa timu pinzani. Mtoto akining'inia kwenye mwamba wa juu, goli lote huja mbele na kumwangukia kichwani au kifuani. Watoto wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Kabla ya mazoezi baba wawili hujaza mchanga viroba na kuvilaza juu ya chuma cha nyuma, pande zote mbili, na mazoezi yakiisha goli hulazwa chini kifudifudi. Ni kazi ya dakika chache. Timu ambayo haifanyi hivyo, mimi simwachi mwanangu asimame golini, na nimeshalisema hilo mbele ya watu.

Meno nayo. Jino la ukubwani likichomoka zima, lina nafasi ya kurudi likishughulikiwa mapema, khasa ndani ya nusu saa. Lishike upande mweupe wa kutafunia, mizizi usiiguse wala kuisugua, lisuuze kidogo kwa maziwa, lirudishe tunduni kama mtoto yuko macho na ametulia, aume kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye maziwa na ukimbilie daktari wa meno. Jino la utotoni halirudishwi. Kwa ajili hiyo sanduku langu lina pakiti ndogo ya maziwa ya muda mrefu, yale yasiyotaka friji, nayabadilisha kabla ya tarehe yake na yaliyotolewa yanaingia kwenye chai. Damu ya pua: ainame mbele, sehemu laini ya pua ibanwe dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Kuinua kichwa nyuma ni kummezesha damu. Glavu za sanduku ni jozi mbili, vaa, usione haya.

Wakati wa kaskazi joto ndilo linalowaangusha watoto wetu kuliko rafu. Jua likiwa kali hatuanzi mazoezi mpaka saa kumi na nusu, na maji yananywewa kabla mtoto hajasikia kiu. Nimeongeza pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kwa mtoto aliyeishiwa maji mwilini kwa jasho, kuharisha au kutapika. Mtoto aliyeanza kuchanganyikiwa kwa joto si wa kupewa ORS akaachwa chini ya mwembe, ni wa kuloweshwa maji mwili mzima, kupepewa na kupelekwa hospitali. Pwani yetu ina watoto wengi wenye seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wanaweza kucheza, lakini maji kwao ni kila mara, mapumziko ni wanapoyataka wenyewe, na kuwakimbiza mizunguko ya adhabu ni kuwatafutia maumivu makali ya mwili mzima. Kila mzazi niliyemwuliza kwa faragha kama mtoto wake ana seli mundu, pumu au kifafa aliniambia bila kinyongo. Majibu nimeyaandika nyuma ya orodha ya simu, na orodha hiyo haionyeshwi kila mtu.

Nyumbani tena, kwa machache ambayo sanduku halikuyafikiria. Mafuta ya taa yanayowekwa kwenye chupa ya soda: mtoto akiyanywa, usimtapishe na usimlazimishe maziwa ili atapike. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Ubuyu, ule mwekundu tunaoupenda sote, una kokwa inayolingana na koo la mtoto mdogo. Karanga vile vile. Aliyepaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe umpige mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja mara tano, na kama ameshavuka mwaka mmoja, fuatisha na kumbana tumbo kwa ndani na juu mara tano, kisha urudie. Wa chini ya mwaka habanwi tumbo, hubonyezwa kifuani. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona.

Na mapipa ya maji. Kwa sababu ya shida ya maji kila nyumba ina pipa, ndoo, beseni lililojazwa usiku. Mtoto anayejifunza kusimama huchungulia, kichwa chake ni kizito, aenda nacho. Maji ya sentimita chache yatosha, na hutasikia kelele. Pipa langu lina mfuniko wa kukaza, na ndoo zisizo na mfuniko zinalala zimepinduliwa. Kwa aliyezama, iwe pipani au pwani ya Jomo Kenyatta, tuache kumning'iniza miguu juu ili maji yatoke. Kama hapumui, mlaze chali, mpulizie pumzi tano kwanza, kisha mbonyeze kifua mara 30 na pumzi 2, uendelee hivyo mpaka msaada ufike. Hili halijifunzwi kwa kusoma tathmini yangu. Nendeni mkafunzwe kwa mikono juu ya mwanasesere. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanafundisha, na wengine pia.

Karatasi ya maelezo iliyokuja na sanduku imeandikwa Kiingereza na Kichina, kwa herufi ndogo ambazo nazisoma kwa taabu mchana kweupe. Mama yangu, ambaye ndiye anayebaki na wajukuu nikiwa uwanjani, haimsaidii hata kidogo. Nimeandika ya kwangu kwa Kiswahili, herufi kubwa, pamoja na namba 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu, na chini yake simu ya dereva wa tuktuk anayelala mtaani kwetu, kwa sababu kwa uchochoro wetu yeye ndiye atakayefika kwanza.

Kwa hivyo: chombo, vizuri sana. Gozi, bandeji, glavu, mkasi, vizuri. Plasta, hapana. Pamba, spiriti na vidonge, toa. Kwa shilingi 1,850 naona bei imezidi kwa kilichomo. Nilipokwenda kununua gozi za ziada niliuliza bei ya kila kitu, na kwa mwenye nafasi ya kuzunguka, kujijazia mwenyewe kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko kwatoka rahisi. Mimi bado nalitumia, na nimewaambia wazazi wa timu wachangie la pili, ili moja lisitoke jikoni na jingine lisitoke uwanjani. Sasa hivi linasafiri na mimi, na saa zile niko Tononoka nyumba inabaki na mtungi wa maji, kadi ya Kiswahili na mama yangu.

Nimemwomba kijana wa dukani amfikishie anayewaletea mzigo mambo matatu: aspirini zitoke, maelezo ya Kiswahili yaingie, na plasta hamsini zipunguzwe ziwe ishirini ili gozi ziwe kumi. Ameandika kwenye daftari. Ukienda kununua kabla hayo hayajafanyika, lifungue pale pale kaunta, soma tarehe ya kila pakiti, na usitoke mpaka wakubadilishie vidonge.